Kutoka Doti hadi Kadi: Msafiri wa Masasi na Newala na Fedha Yake Ng'ambo ya Ruvuma

Anayesimama Newala mjini, ukingoni mwa Shimo la Mungu, huona bonde la Ruvuma limelala chini yake, na ng'ambo ya bonde huiona ardhi ya Msumbiji. Macho huvuka bila hati. Miguu nayo imevuka kwa vizazi vingi, kwa kuwa Wamakonde, Wayao na Wamakua wako pande zote mbili za mto, na mpaka uliowagawa ulichorwa na Wajerumani na Wareno ambao hawakuwauliza. Fedha, hata hivyo, haijapata kuvuka kwa urahisi huo. Mtu hufika upande wa pili akiwa na lugha yake, ndugu zake na mila zake, lakini noti iliyo mfukoni mwake imegeuka karatasi.

Wengi wetu tumezoea kuliona suala la kupata fedha taslimu ugenini kuwa ni jambo la watalii na maofisa wenye masurufu ya safari: je, kadi yangu itafanya kazi? Makato ni kiasi gani? Nibebe dola au nitegemee mashine? Katika makala haya nataka kuonesha kwamba swali hilo ni la zamani kuliko benki zenyewe, na kwamba wakazi wa Masasi na Newala wamelijibu kwa namna nyingi katika muda wa takriban miaka 150. Hoja yangu ni moja. Fedha ni ahadi, na kila mara msafiri anapovuka mpaka lazima ajue ni nani atakayeitimiza ahadi hiyo. Historia ya kusini inatufundisha kwamba ahadi hizo zimevunjwa mara kwa mara, na hasara imemwangukia zaidi mtu asiyekuwa na karatasi.

Nguo, shanga na hundi

Kabla ya ukoloni, msafiri wa njia za kati ya Ziwa Nyasa na bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani hakubeba sarafu nyingi. Alibeba nguo. Kipimo chake kilikuwa mkono, shuka na doti, na nguo yenyewe ilikuwa na majina: amerikani, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani, na kaniki iliyotoka India. Kwa nguo hizo alilipa wapagazi, alinunua chakula na kuwaridhisha wenyeji wa nchi alizopita. Ugumu wa fedha ya namna hiyo si uzito wake tu. Kila nchi ilikuwa na upendeleo wake wa rangi na wa aina ya shanga, na msafiri aliyekosea angeweza kufa njaa akiwa na mizigo kumi mabegani mwa watu.

Mfano unaojulikana ni wa David Livingstone. Mwaka 1866 alishuka Mikindani akafuata bonde la Ruvuma kuelekea bara, akipita kusini ya uwanda wa juu wa Makonde. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1871, alifika Ujiji akiwa hoi, akitumaini kukuta shehena aliyotumiwa kutoka pwani. Hakuikuta, kwa kuwa aliyekabidhiwa alikuwa ameiuza. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba akaunti yake ilikuwa imekaushwa na wakala. Mzungu mashuhuri kuliko wote katika Afrika ya wakati ule aliishi kwa hisani ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Ujiji hadi alipopata msaada.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na njia bora zaidi, nayo ilikuwa hundi. Neno hili, ambalo leo tunalitumia kwa karatasi ya benki, lilitufikia kutoka India. Nyumba za biashara za Wahindi mjini Unguja, kama ile ya Jairam Shivji na baadaye ya Tharia Topan, ziliwakopesha wasafiri wa bara na zilikuwa na hesabu zao Bombay. Karatasi iliyoandikwa upande mmoja wa Bahari ya Hindi ililipwa upande wa pili bila sarafu hata moja kupanda jahazi. Jina la mtu na la nyumba iliyomdhamini ndivyo vilivyokuwa dhamana. Kwa hiyo wazo lililo ndani ya kadi ya benki, kwamba thamani inaweza kubaki nyumbani huku ahadi yake ikisafiri, si geni hata kidogo katika pwani yetu.

Hapo hapo tusisahau kilichokuwa kikipita katika njia hizo. Pamoja na pembe za ndovu walipita watu, nao walipewa bei kwa nguo zile zile. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja akiwa na zaidi ya watu 50 waliokombolewa kutoka utumwani, na wakapiga kambi Masasi. Mji wa Masasi tunaoujua leo ulijengwa kwa sehemu na watu ambao wenyewe walikuwa wamewahi kuwa bei. Anayesema kwamba zama za kabla ya fedha zilikuwa zama za usawa hana budi kuikumbuka Masasi.

Rupia, kodi na fedha iliyokufa

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64, hadi serikali ya kikoloni ilipoleta mfumo mpya wa heller 100 kwa rupia katika miaka ya 1904 na 1905. Sarafu hizo hazikuingia vijijini kwa kupendwa. Ziliingizwa na kodi. Kodi ya kibanda iliyoanzishwa mwaka 1898 ilimtaka mwenye nyumba atoe rupia, na asiyekuwa nazo ilimbidi auze mazao, auze mpira wa msituni au auze nguvu zake. Hivyo kutafuta fedha kukawa sababu ya kusafiri. Awali mtu alitafuta fedha ili asafiri. Sasa alisafiri ili atafute fedha.

Mwaka 1905 vita vya Majimaji viliwasha moto hata Masasi, ambako misheni iliteketezwa. Mwaka uliofuata mtaalamu Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya habari za mila na nyimbo, na aliikuta nchi iliyokuwa bado ikiuguza majeraha ya vita hivyo. Muongo mmoja baadaye vita vingine, visivyowahusu wenyeji, vilipanda uwanda wa juu. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma, Oktoba wakaiteka Newala, na mwishoni mwa Novemba Wajerumani wakawafukuza. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck naye alivuka mto huo huo huko Ngomano kuingia Msumbiji, akiwaacha nyuma watu waliokuwa wamelipwa, pale walipolipwa, kwa noti za dharura zilizochapishwa ndani ya koloni wakati mawasiliano na Ulaya yamekatwa.

Noti zile zilikufa pamoja na serikali iliyozitoa. Desemba 1919 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia ikaondoka, florin ikapita kwa muda mfupi, na shilingi ikashika nafasi. Hebu tuhesabu. Mzee wa Newala aliyezaliwa karibu mwaka 1870 angeweza, kabla ya kufika umri wa miaka 55, kupokea nguo, pesa za Kampuni, rupia na heller za serikali, noti za vita na shilingi ya Mwingereza. Katika pembetatu ya Kionga, mdomoni mwa Ruvuma, hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa eneo hilo lilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894 na kurudi kwa Wareno mwaka 1916. Watu hawakuhama, fedha ndiyo iliyohama. Kila mabadiliko yalikuwa na tarehe ya mwisho ya kubadilisha na ofisi ya kubadilishia, na kwa mkazi wa kijiji cha mbali tarehe hiyo na ofisi hiyo vilikuwa mbali sawasawa.

Kipande: kadi kabla ya kadi

Ng'ambo ya mto, Cabo Delgado na Niassa zilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati ya utawala mwaka 1891 na kuondoka mwaka 1929. Utawala wake ulikuwa wa kodi, viboko na kazi za shuruti, na kuanzia mwaka 1938 serikali ya Ureno ikaongeza kilimo cha pamba cha lazima. Wamakonde wa Mueda walivuka Ruvuma kwenda Tanganyika kwa maelfu, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mikindani na Tanga, na wengine wakafika hadi pwani ya Kenya. Huku kwetu wakaitwa Wamawia.

Katika mashamba ya mkonge mshahara haukuhesabiwa kwa kalenda ya ukutani. Ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku iliyokamilika ilitiwa alama, na malipo yalitolewa siku zote 30 zilipotimia, hata kama zilichukua muda mrefu kuliko mwezi. Manamba, watu waliopewa jina hilo kwa sababu walitambuliwa kwa namba, walikuwa na kadi yenye namba na yenye uwezo wa kutoa fedha taslimu dirishani miaka mingi kabla ya mashine yoyote ya benki kufika kusini. Tofauti ni kwamba kadi ya leo inamwambia mwenye mashine kiasi alichonacho mteja, ilhali kipande kilimwambia mwenye shamba kiasi alichokamua kwa mfanyakazi. Siku moja ikikosa alama, malipo yalisubiri.

Nchini Kenya neno hilo hilo lilikuwa na maana nyingine. Kipande kilikuwa hati ya utambulisho ambayo Mwafrika mwanamume alilazimishwa kubeba chini ya sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo neno moja la Kiswahili limebeba mambo mawili ambayo benki ya leo huyadai pamoja: ushahidi wa ulichonacho na ushahidi wa wewe ni nani.

Kwa Wamakonde waliofika Kwale kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, jambo la pili ndilo lililowaponza. Kenya ilipopata uhuru wao hawakuandikishwa kuwa raia, na watoto na wajukuu wao wakazaliwa bila nchi. Bila kitambulisho hawakuweza kufungua akaunti ya benki, na M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 hawakuweza kusajili laini kwa majina yao. Waliweka fedha zao katika simu za majirani. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho. Takriban miaka 80 ya kazi ilihitimishwa kwa kipande kidogo cha plastiki, na katika maisha ya kila siku moja ya faida zake za kwanza ilikuwa kwamba mtu angeweza sasa kupokea fedha yake mwenyewe.

Kusini mwa Msumbiji hali ilikuwa tofauti. Huko wafanyakazi waliokwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini walibanwa na mkataba wa mwaka 1928 kati ya Ureno na serikali ya Pretoria. Sehemu ya mshahara wao ilizuiliwa ili walipwe watakaporudi nyumbani, kwa fedha ya Kireno. Uhamishaji wa fedha ugenini ulikuwapo, lakini ulipangwa kwa manufaa ya dola. Mmakonde aliyevuka Ruvuma hakuwa na mkataba wa namna hiyo. Alirudi na shilingi zake kiunoni, au alirudi na nguo, baiskeli na cherehani, kwa kuwa bidhaa zilivuka mpaka bila kupoteza thamani. Tusimdharau kwa hilo. Alijua hesabu.

Mpaka ndani ya noti

Juni 14, 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango, na shilingi ya Tanzania ikaanza kuchukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki. Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki za kigeni zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na benki iliyoona kuwa ni wajibu wake kufika wilayani, na hilo ni jema ambalo wakosoaji wa Azimio hulisahau. Lakini pamoja na jema hilo ulikuja udhibiti wa fedha za kigeni. Aliyetaka kusafiri nje aliomba kibali, akapewa kiasi kidogo kwa hundi za wasafiri au kwa noti, na kukutwa na fedha za kigeni bila idhini kukawa kosa.

Ng'ambo ya mto vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza Septemba 25, 1964. Katika maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado, escudo ilikuwa fedha ya adui. Wanavijiji walibeba korosho, karanga na ufuta kuvuka Ruvuma kuingia Tanzania, na waliporudi walibeba chumvi, nguo, sabuni na majembe. Jambo la kujifunza ni kwamba mgogoro mmojawapo mkubwa ndani ya FRELIMO ulihusu biashara hiyo hasa. Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, alishutumiwa na wenzake kwa kuyageuza maduka ya wananchi kuwa mradi wa wachache, akaondolewa, na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Swali la nani anayeshika kisanduku cha fedha mpakani liliweza kugawanya hata chama cha ukombozi.

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975, na Juni 16, 1980, katika kumbukumbu ya mauaji ya Mueda ya mwaka 1960, metical ikachukua nafasi ya escudo. Sasa mto ulikuwa na fedha mbili za mataifa mawili ndugu yaliyosifiana kila jukwaa. Hata hivyo hapakuwa na dirisha ambapo mama wa Newala angeweza kubadili moja kwa nyingine kihalali na kwa urahisi. Udugu ulikuwa katika hotuba. Ubadilishaji ulikuwa gizani. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, walanguzi wakubwa walikamatwa, lakini hofu iliwafikia hata wachuuzi wadogo wa mipakani ambao ulanguzi wao wote ulikuwa doti mbili za khanga.

Kisha thamani yenyewe iliporomoka. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa takriban shilingi 17 kwa bei rasmi. Mwaka ulipoisha ilikuwa imepita 50. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na lililokuwa kosa la jinai likawa biashara yenye leseni. Maduka hayo yalimea Dar es Salaam, Arusha na Unguja, walikokuwa watalii. Kusini, ambako ndugu walivuka mto, hayakumea kwa wingi kama huko. Soko hufuata dola, na msafiri wa Ruvuma hakuwa nayo.

Kadi, korosho na daraja

Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa za NBC mpya ikauzwa kwa benki ya Afrika Kusini. Aliyekuwa Rais wakati huo ni Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, wilayani Masasi. Matawi mengi ya wilayani yalibaki chini ya NMB, na huko ndiko mwalimu, muuguzi na karani wa Masasi na Newala walikopokea mshahara, na baadaye kadi yao ya kwanza. Mkulima alichelewa. Kwake kadi ilikuja kwa njia ya korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007 uliyapitisha malipo katika vyama vya msingi na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kuzisomba, malipo yalielekezwa kwenye akaunti za wakulima moja kwa moja. Uhakiki ulichukua muda mrefu, na aliyenunua kwa kangomba akajikuta hana shamba la kuonesha. Mkulima alijifunza jambo ambalo manamba walilijua: anayeandika orodha ndiye anayeamua siku ya kulipwa.

Kabla ya hapo, Mei 12, 2010, Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja huko Mtambaswala, katika wilaya ya Nanyumbu iliyomegwa kutoka Masasi. Urefu wake ni mita 720. Wazo lilikuwa la Mwalimu Nyerere na Samora Machel tangu mwaka 1975. Gari likaweza kuvuka. Na fedha je?

Hebu tufuate safari ya kadi. Mfanyabiashara wa Masasi anafika Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, mji ambao si kisiwa chetu cha Pemba. Anaingiza kadi kwenye mashine. Kadi isiyokuwa na alama ya mtandao wa kimataifa kama Visa au Mastercard inakataliwa hapo hapo, na hata yenye alama hiyo inaweza kukataliwa ikiwa benki yake haikuiruhusu itumike nje ya nchi. Ikikubaliwa, swali linatoka Pemba, linapita katika mitambo ya kampuni za mabara mengine, linafika kwenye benki ya Tanzania na kurudi na jibu. Metical zinatoka. Shilingi zinakatwa. Aghalabu hesabu kati ya fedha hizi mbili za majirani hupitia dola ya Marekani, na kila hatua ina makato yake: ya mwenye mashine, ya mtandao, ya benki ya nyumbani. Mahali pengine mashine humwuliza msafiri kama anataka akatwe kwa fedha ya kwao. Inasikika kama ukarimu, lakini kwa kawaida kiwango kinachotumika hapo ni kibaya zaidi. Asiyejua Kireno hubonyeza tu.

Hata mitambo hiyo ina bwana wake. Novemba 2018 mtandao wa pamoja wa benki za Msumbiji, SIMO, ulizimika nchi nzima kwa siku kadhaa kwa sababu ya mgogoro na kampuni ya Ureno iliyotoa programu yake. Mashine za kutolea fedha na za malipo madukani zilinyamaza kutoka Maputo hadi Pemba. Miaka 43 baada ya uhuru, swichi ilikuwa bado Ureno. Wanafunzi wanaouliza ukoloni mamboleo una sura gani wanaweza kuanzia hapo.

Tena kuna wale ambao kadi haikuwahusu kabisa. Baada ya rubi kugunduliwa Montepuez mwaka 2009, vijana wengi wa Tanzania, wakiwamo wa kusini, walivuka kwenda kuchimba. Bila pasipoti na bila kibali cha ukaazi, benki haikuwafungulia akaunti, kwa hiyo jasho lao lote likawa noti mfukoni. Mapema mwaka 2017 vyombo vya dola vya Msumbiji viliwaondoa wachimbaji wa kigeni kwa nguvu, na waliorejea walisimulia kunyang'anywa fedha na mali. Hawakuwa na risiti wala taarifa ya benki ya kuonesha walichopoteza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakujua kwamba kuna siku daftari lenyewe litahitaji pasipoti.

Oktoba mwaka huo huo uasi ulianza Mocímboa da Praia, na Machi 2021 Palma ilishambuliwa, benki zikiwa miongoni mwa shabaha. Mji ambao benki yake imeungua huturudisha kwenye zama za nguo: thamani ni kile unachoweza kukibeba ukikimbia. Simu nayo haijaziba pengo. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 na Msumbiji mwaka 2013, zote chini ya Vodacom, lakini ilipofika zamu ya kutuma fedha kuvuka mpaka, njia iliyofunguliwa mwaka 2015 ilikuwa ya kwenda Kenya. Na tozo ya miamala ya Julai 2021, ambayo Serikali ililazimika kuipunguza miezi michache baadaye kutokana na malalamiko, ilitukumbusha kwamba hata fedha isiyovuka mto inaweza kupunguzwa njiani.

Nani asimame nyuma ya ahadi?

Tusiseme kwamba hakuna kilichofanyika. Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama wa SADC, na tangu mwaka 2013 jumuiya hiyo ina mfumo wa malipo kati ya benki za nchi wanachama, unaotumia randi. Ni hatua, lakini ni mfumo wa benki kwa benki, wa wafanyabiashara wakubwa. Mama anayepeleka nguo Mueda haujui, na wala haumjui. Wakati huo huo kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimepiga marufuku bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Lengo ni kuilinda shilingi, nami naliunga mkono. Lakini ukimkataza mgeni wa ng'ambo kulipa kwa metical katika soko la Mangaka au Masasi, ni lazima umwoneshe dirisha la kuibadilishia. Usipomwonesha, umempeleka kwa mbadilishaji wa mkononi, kisha umemwita mhalifu, kama tulivyofanya katika miaka ya 1980.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, natoa mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa mamlaka zetu. La kwanza, kwenye vituo vya mpakani kama Mtambaswala kuwe na huduma halali ya kubadilisha shilingi na metical moja kwa moja, kwa viwango vilivyobandikwa ukutani, badala ya kumlazimisha maskini anunue dola asiyoihitaji. La pili, benki zitakiwe kumweleza mteja kwa Kiswahili, kabla hajasafiri, kama kadi yake inafanya kazi nje na jumla ya makato ni kiasi gani. La tatu, na ndilo kubwa, makubaliano ya uhamiaji kati ya nchi zetu yawape wakazi wa mpakani na wafanyakazi wa msimu hati nyepesi ambayo benki na kampuni za simu za pande zote mbili zitaitambua. Yaliyowapata Wamakonde wa Kwale na vijana wa Montepuez yanaonesha kwamba kitambulisho hutangulia kadi. Bila hicho, teknolojia yote hii ni mlango uliochorwa ukutani.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi jingine. Bado wako wazee Newala, Kitangari, Ndanda na Chiungutwa wanaokumbuka kipande kilivyotiwa alama, jinsi fedha zilivyoshonwa ndani ya pindo la nguo ili zivuke mto, na bei ya metical siku ya kwanza waliyoiona. Historia hiyo haimo katika ripoti za Benki Kuu, na haitaingia humo isipokuwa mtu aende akaiandike. Nendeni na madaftari kabla ya msimu wa korosho kuanza, wakati wazee wana nafasi ya kuzungumza.